Neno "kuku" lilimgomea, tukangoja

Jana mezani mwanangu alisimulia habari za kuku wa bibi yake mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyemkatiza. Neno "kuku" lilimgomea, k-k-k-k, akafumba macho. Tukangoja. Likatoka.

Kigugumizi kilimwanza akiwa na miaka 3, na wakati ule nilikosea sana. Nilikuwa namwambia "tulia", "vuta pumzi kwanza", "anza upya", au namalizia sentensi yake nikidhani namsaidia. Alichojifunza ni kunyamaza. Ndugu walisema ni kwa sababu alitekenywa sana alipokuwa mchanga. Si kweli jamani. Kigugumizi kinahusiana na jinsi ubongo unavyoongoza usemi, na mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Babu yake mzaa baba anacho mpaka leo.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alinipa kazi mimi, si mtoto: niongee polepole mimi mwenyewe, nimtazame usoni, nisikilize anachosema, na kila siku nimpe dakika 5 za peke yake, simu ikiwa mbali. Watoto wengi wa umri ule kigugumizi huwaacha chenyewe. Chake kimebaki, na sasa ana miaka 6.

Shuleni walikuwa wanamcheka anaposoma kwa sauti. Iliniuma mno. Nikaenda kuongea na mwalimu wake, na sasa anasoma sambamba na mwenzake; wakisoma wawili maneno humtoka bila kukwama. Leo asubuhi ameniambia anataka kujaribu peke yake.