Siku kisiwa chetu kilitembea

Kwa kiganja changu cha kulia kuna alama ya kamba ya manila mpaka leo. Niliipata 2021 kule Dunga, Kisumu, siku kisiwa chetu kilitembea.

Wacha nianzie nyuma kidogo. 2020 Ziwa Victoria lilipanda sana, ilipofika mwezi wa tano maji yalikua juu kuliko ata ile rekodi ya 1964, yakaingia kwa vibanda, kwa vyoo, kwa mashamba ya mboga, na ile sehemu ndogo chini ya miti watu wetu walikua wanakaa jioni bila kulipa kitu nayo ikaenda. Nyumba kila mtu aliongelea, na ni haki. Lakini mama amekaanga samaki tangu asubuhi kwa moshi, jioni akitaka tu kuangalia maji apumzike akae wapi? Anunue soda ya hoteli ndio apewe kiti? Hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Nilikua mwaka wa tatu nasomea usanifu wa majengo, na kwa simu nilikua nimeona kile kisiwa cha Copenhagen cha 2018, kinaitwa CPH-Ø1, kazi ya Mwaustralia mmoja Marshall Blecher na mwenzake Magnus Maarbjerg. Ni jukwaa la mbao tu, mita mraba 20, limeundwa kwa mkono kwa ufundi wa mashua za zamani, katikati wamepanda mti mmoja wa lindeni, lilikua linaelea bandarini na yeyote angeweza kuogelea akafika akakaa. Bure kabisa. Nikawaza, sisi tuko na mafundi wa mashua hapa hapa, na kitu kinachoelea ziwa likipanda kinapanda nalo, sasa tunangoja nini.

Tukachanga na kikundi cha vijana wa ufuoni, tukapata mapipa 24 ya plastiki, yale ya bluu ya lita 200. Hesabu yangu ilikua hivi: pipa moja likizama lote linabeba karibu kilo 200, kwa hivyo 24 ni kilo 4,800, toa mbao na misumari 1,300, toa sanduku la udongo na mti 1,500, inabaki 2,000, hao ni watu 28 wa kilo 70. Lakini hutaki mapipa yazame yote, kwa hivyo nikaandika watu 12 basi. Nikapeleka mchoro na modeli kwa fundi mmoja mzee wa mashua, sisi wote tulikua tunamuita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo.

Hakuangalia mchoro. Alichukua modeli akaiweka kwa karai la maji, akaokota mawe 12 akayapanga katikati, ikaelea vizuri. Alafu akayasukuma yote upande mmoja na kidole, polepole. Ikapinduka.

"Nyara," akaniambia, yaani binti yangu, "mashua haizamishwi na uzito. Inazamishwa na uzito ukihama."

Na kweli, mimi nilikua nimepanga mapipa yamejaa katikati chini ya mti na sanduku la udongo nimeliweka juu ya mbao, kama meza na chungu cha maua. Wiki mbili tulirudia kila kitu: mapipa yakaenda kingoni, sanduku tukalishusha kati ya mapipa karibu na maji ndio uzito ukae chini, na mti badala ya mwembe tukachagua mpera kwa sababu haukui mrefu ukakamata upepo. Usiku nilikua nasoma kuhusu ile shule ya kuelea ya Makoko kule Lagos, ilijengwa 2013 ikaanguka 2016, ghorofa tatu juu ya mapipa, na nikawa naona upepo kila mahali.

Kitu kimoja tu sikumsikiza. Alisema kamba za nanga ziwe ndefu, mara tano ya kina cha maji au zaidi, ndio nanga ivutwe kwa kulala isivutwe juu. Mimi nilitaka kisiwa kikae mahali pamoja, kisizunguke, watu wakizoee kama bustani, na pia kamba ni pesa. Nikazikata fupi. Nanga zenyewe zilikua tairi tumejaza zege, kilo 100 kila moja, na nilikua najua zege ndani ya maji inapoteza uzito, hiyo 100 inabaki kama 58, nikaongeza ikawa nne, moja kila kona. Nikaona imetosha.

Siku ya kufungua tulikua tisa juu yake, watoto watatu wako na jaketi za kuokolea (hiyo hatukucheza nayo), mama mmoja na beseni lake la samaki, Jaduong' amekaa kando ya mpera amevua viatu. Sijawahi kuona watu wamenyamaza vizuri hivyo. Mama akaweka miguu kwa maji akasema, "Nyathina (mwanangu), hapa hakuna mtu ataniuliza nimenunua nini."

Saa kumi upepo wa ziwani ukaanza, ule wa kila siku wa kuja bara, na ukaja na gugu maji. Mwenye hajaona hajui, ni kama shamba zima limeng'oka linakuja na maua yake ya zambarau na halina kelele yoyote. Likafika likaegemea kisiwa. Kamba zikakazika. Kona ya upande wa ziwa, yenye ilikua inapokea nguvu yote, ikaanza kushuka kwa sababu kamba fupi ilikua inaivuta chini huku gugu linasukuma, maji yakapanda kwa mbao, watoto wakakimbilia juu upande ule mwingine. Mimi nikashika kamba nikijaribu kuilegeza kwa mkono, ikaniponyoka ikichoma.

"Achilia, nyara! Achilia!" Jaduong' alikua ameshatoa panga. Akakata ya kwanza, ya pili, akakata zote nne, na ile kona ikaruka juu kama mtu amevuta pumzi. Kisiwa kikalala sawa. Alafu kikaondoka.

Hatukua na la kufanya. Kikaenda na gugu, polepole sana, kama mita 300 hivi, mpaka kikaingia kwa mafunjo kikatulia. Mitumbwi haikuweza kupenya kutufikia mpaka usiku upepo ulipogeuka ukaanza kutoka bara na gugu likalegea. Hayo masaa yote tulikaa pale. Mama aligawa samaki wote, akakataa pesa. Mtoto mmoja alilala ameegemea mpera. Nilikua nalia kidogo, ya mkono na ya aibu, na Jaduong' hakunigombeza ata mara moja, alikua anaangalia tu vile mafunjo yanapanda na kushuka na mawimbi, yakikaa pamoja bila kufungwa na mtu.

Asubuhi tulirudi na mtumbwi na kamba mpya kukivuta. Tukakuta wanawake wawili tayari wako juu, sijui walipitia wapi, beseni ziko kando, miguu kwa maji, mmoja ananyonyesha. Wakatuuliza kwani tunakipeleka wapi.

Jaduong' akanipa ncha ya kamba kwa ule mkono mzima. "Pima kina," akasema, "alafu zidisha."