Kaunta buku yangu ya "overlooked": nilipofikia baada ya wiki sita

Wiki ya kwanza

Mradi huu wa kukusanya maneno ya Kiingereza ya kupuuzwa na kusahauliwa ulianza na barua ya mistari minne. Nilikuwa nimeomba nafasi ya mafunzo, nikangoja miezi mitatu, na jibu lilipokuja sentensi iliyonichoma ilikuwa hii: "Your application was inadvertently overlooked." "Inadvertently" nililijua, ni bila kukusudia, lakini kamusi ya pale nyumbani ikaniambia "overlook" ni kupuuza. Nikavimba kwa hasira. Mdogo wangu akaisoma juu ya bega langu, akauliza, "Dada, sasa walikupuuza au hawakukuona?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile ile nikashuka dukani nikanunua kaunta buku ya kwaya tatu, nikaipiga mistari: neno, mfano wa sentensi, na safu ya mwisho nikaiandika "kosa ni la nani?" Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba mradi mzima.

Wiki ya pili

Maneno kumi na moja. Nimekwama kwenye "overlook" peke yake kwa siku nne, na sijutii.

Ukilivunja unapata "juu ya" na "tazama". Chumba cha hoteli kinachotazama ziwa "overlooks the lake": jicho liko juu na linaona kila kitu. Jicho hilo hilo likipita juu ya kitu bila kutua, hicho kitu kimekuwa "overlooked". Na jicho likiona kosa halafu likaamua kulifumbia, hiyo nayo ni "overlook". Kuona vyote, kutoona, na kuona ukanyamaza, vyote katika neno moja! Ndugu yake "oversight" ana tabia hiyo hiyo. Kamati ya bunge yenye kazi ya "oversight" inasimamia. Karani aliyefanya "an oversight" amepitiwa.

Zamani lilikuwa na maana ya nne, kumtupia mtu jicho la kumroga. Portia wa Shakespeare, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, anamwambia mpenzi wake Bassanio kwamba macho ya huyo Bassanio yamem-"overlook", yaani yamemteka mpaka hajielewi. Sisi tunaoijua husuda ya macho hatuhitaji maelezo marefu hapo.

Wiki ya tatu

Nimefanya kosa ambalo limenifundisha kuliko kurasa zote za nyuma. Niliandika rasimu ya kujibu ile barua, nikasema "You neglected my application." Mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza aliposoma akaweka kalamu chini. "Mwanangu, ombi la mafunzo si bustani."

Ndipo akanieleza. "Neglect" linataka kitu ambacho uliwekwa ukitunze siku baada ya siku: mtoto, shamba, meno, nyumba, wajibu. Asili yake ni Kilatini, neno lenye maana ya kutookota, kutochukua. Kwa hiyo kosa la "overlook" liko kwenye jicho, na la "neglect" liko kwenye mkono uliopaswa kuinuka haukuinuka. Hata katika kitu kidogo kama "I neglected to mention" kuna deni ndani yake: nilipaswa kutaja, sikutaja. Na kutoka mzizi huo mahakama zimepata "negligence", ambayo sisi tunaiita uzembe.

Hapa nina ugomvi na magazeti yetu. "Neglected child" na "abandoned child" wote wanaandikwa "mtoto aliyetelekezwa". Aliyetelekezwa ameachwa, mzazi kaondoka. Lakini mtoto ambaye ni "neglected" anaweza kuwa analala chumba cha pili, baba na mama wote wapo, ila hajaogeshwa, hajapelekwa kliniki, kikohozi kina wiki tatu na hakuna aliyeuliza. Tukimwita "aliyetelekezwa", majirani watamtafuta jalalani wakati yuko sebuleni. Mimi nimeandika "mtoto asiyetunzwa". Ni neno la kawaida mno, lakini linamfikia.

Wizara ya Afya ya Tanzania nadhani ililiona tatizo hili. Kwa kichocho, matende, usubi na vikope, yale ambayo Shirika la Afya Duniani linayaita "neglected tropical diseases", wanasema "magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele". Ni refu, ila nalipenda hilo "yaliyokuwa". Linaahidi kwamba sasa yanapewa.

Wiki ya nne

Umeme ulikatika sana. Maneno mawili tu: "snub", yaani kumpuuza mtu makusudi, na "send to Coventry". La pili ni la Waingereza, kwa jina la mji wao, na maana yake ni watu kukubaliana wasiongee na fulani. Sisi tuna kususa, na aliyefanyiwa amesusiwa. Halihitaji hata mfano.

Wiki ya tano

Hii ndiyo wiki niliyoingoja bila kujua.

Mama alikuwa anasoma Matendo ya Mitume kwa sauti, sura ya sita, manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani "kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku". Nikaacha sufuria jikoni nikakimbilia Biblia za Kiingereza. Ile ya Mfalme James ya 1611 inasema wajane walikuwa "neglected". Ile ya NIV, tafsiri ya kisasa, inasema "overlooked". Wajane wale wale, mkate ule ule! Mchungaji wetu, aliyesoma Kiyunani chuoni, akaniambia kitenzi cha asili kimejengwa na "kando" na "kutazama": jicho lilipita pembeni yao.

Kisha akanipeleka sura ya kumi na saba. Zamani zile za ujinga, Mungu "alijifanya kama hazioni". NIV inatumia tena "overlooked". Kitabu kimoja, neno moja. Kwa wajane ni maumivu, kwa wenye dhambi ni rehema.

Nilirudi nyumbani nikaitazama "walisahauliwa" kwa muda mrefu. Watafsiri wa Union, ile Biblia ya Kiswahili aliyoisoma Mama, hawakuandika "walisahaulika". Kusahaulika hakuna mkono wa mtu, kitu kimetoka tu akilini. Kusahauliwa kuna aliyesahau. Kiingereza kinaweza kusema "overlooked" kikaishia hapo, na msomaji hajui kama amlaumu mtu. Kiswahili kinakudai uchague silabi, na ukishachagua umeshatoa hukumu. Safu yangu ya "kosa ni la nani?" ilikuwa tayari ndani ya vitenzi vyetu, nami nilikuwa nahangaika kuipigia mistari kwa rula.

Nikamwita mdogo wangu. "Hawakuniona," nikamwambia. "Lakini kuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuniona."

Wiki ya sita

Maneno thelathini na nne. Jibu la barua limekwenda Jumanne. Mwanzoni nilitaka kuandika "you ignored me", lakini "ignore" lina nia ndani yake, umeona na ukaamua, na hilo siwezi kulithibitisha. Nimetumia njia ambayo mwalimu aliniambia Waingereza huitumia kumwachia mtu mlango: "You may have overlooked my letter of March." Ni kama kusema huenda hukubahatika kuiona. Aliyepokea anaweza kujibu bila kuona haya, nami sijaficha kwamba barua ilikuwepo.

Kinachofuata ni "forsaken" na "forlorn". Kwa la pili nina "mkiwa" mkononi. La kwanza, la kuachwa, Mama ameshaniwekea kijiti kwenye Zaburi ya 22.