Nilivyounganisha kompyuta na ruta kwa waya, na ninavyohakikisha kasi yote inafika

Ruta yangu iko sebuleni, pale faiba ilipoingilia, na kompyuta ya kazi iko chumba cha nyuma. Katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji na nguzo ya zege yenye nondo. Wi-Fi inafika huko, ila dhaifu: mikutano ya video hukatakata na faili kubwa hukwama njiani. Kompyuta isiyohama mezani haina sababu ya kuteseka hivyo, kwa hiyo niliivutia waya.

Kazi inaanzia mgongoni mwa ruta, kabla ya kwenda dukani. Kompyuta huchomekwa kwenye matundu yaliyoandikwa LAN. Lile la WAN, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti, ni la kupokea intaneti kutoka nje, na ukichomeka hapo kompyuta haitapewa anwani ya mtandao, yaani namba inayoitambulisha. Angalia pia kasi ya tundu lenyewe. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 kwa sekunde, na vipo vifaa vya faiba ambavyo tundu moja tu ndilo la gigabiti (megabiti 1000), kwa kawaida LAN1. Ukilipia megabiti 200 kisha ukachomeka tundu la 100, vipimo vitagota kwenye 94 hivi, hata waya uwe mzuri kiasi gani. Laptopu isiyo na tundu la mtandao inahitaji adapta ya USB 3 ya gigabiti. Zile za USB 2.0 nyingi huishia megabiti 100.

Kuhusu waya, daraja la Cat5e linabeba gigabiti hadi mita 100, na nyumba ya kawaida haihitaji zaidi. Mimi nilichukua Cat6, daraja la juu yake, kwa kuwa tofauti ya bei ilikuwa ndogo. Jambo la kuchunguza zaidi ya namba iliyoandikwa kwenye ganda ni chuma kilichomo ndani. Madukani kuna waya nyingi za alumini iliyopakwa shaba, zinazouzwa pamoja na za shaba tupu. Omba kipande, menya uzi mmoja, kisha ukwaruze kwa wembe. Shaba halisi inabaki nyekundu hadi ndani. Ile nyingine inang'aa nyeupe chini ya wembe, na ukiikunja na kuikunjua mara chache inakatika. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, na nyuzi zake hukatika kwa urahisi ndani ya plagi.

Njia yangu ilikuwa mita 18, nikakata mita 21 ili kila upande ubaki na akiba ya kurudia plagi. Waya wa Cat6 una unene wa takriban milimita 6 na plagi ina upana wa karibu 12, kwa hiyo toboa tundu dogo, pitisha waya mtupu, plagi uifunge baadaye. Usiuweke bomba moja na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatishane kama msalaba. Kwenye kona uache upinde mpana, usiukunje kama karatasi.

Kufunga plagi ya RJ45, ile ya mtandao yenye pini nane, ndipo kasi inapopotea. Menya ganda sentimita 3 hivi, fungua jozi nne za nyuzi zilizosokotwa, nyoosha nyuzi kwa vidole, kisha uzipange bapa. Shika plagi kile kilimi chake cha plastiki kikiwa chini na pini za dhahabu zikikutazama, mdomo wa kuingizia waya ukiwa upande wako. Kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Huu ndio mpangilio wa T568B, nami huutumia pande zote mbili. Kata ncha zote ziwe sawasawa, zikibaki na milimita 13 hivi nje ya ganda, sukuma mpaka uone shaba ya nyuzi zote nane ikigusa mwisho wa plagi, na ganda lenyewe liingie ndani ili libanwe. Hapo ndipo unabana kwa krimpa, koleo la kufungia plagi. Nunua plagi zinazofaa waya ambao kila uzi wake ni shaba moja nzima, kwa sababu meno yake ni tofauti na yale ya waya laini wenye nyuzinyuzi.

Watu wengi huona ajabu kijani kutenganishwa na mwenzake, wakaamua kupanga jozi pamoja kwa mfuatano wanaoupenda, mradi pande zote zifanane. Testa ya taa, kifaa cha kupimia kama kila uzi umeunganika, itawapongeza: moja hadi nane zote zinawaka. Lakini ruta inatarajia pini ya 3 na ya 6 ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, maana msokoto ndio unaozuia jozi moja kuingilia nyingine. Ukivunja jozi, kelele inaingia, kasi inaanguka, na testa haina habari.

Kwa hiyo mimi siamini taa peke yake. Zima Wi-Fi ya kompyuta kwanza, ili usipime njia usiyoikusudia. Kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, ingia Ethernet, soma mstari wa kasi ya muunganisho. Gigabiti hutumia jozi zote nne, ilhali megabiti 100 hutosheka na pini 1, 2, 3 na 6. Ndiyo maana uzi mmoja wa buluu au kahawia usiposhika, intaneti inaendelea kufanya kazi lakini mstari ule unasoma 100 badala ya 1000. Ukiona hivyo, kata plagi ufunge upya. Kisha fungua Command Prompt, andika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake ruta haijatoa anwani: waya una hitilafu au umechomeka tundu lisilo lake. Mwisho tuma ping, amri ya kupima kama kifaa kinajibu, kwa anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwa waya majibu yanapaswa kurudi chini ya milisekunde 1, bila hata moja kupotea.

Maelezo haya yote ni ya ndani ya nyumba moja. Waya wa shaba usiutoe nje kuunganisha nyumba mbili, hasa maeneo yenye radi nyingi kama kando ya Ziwa Victoria: radi ikipiga jirani, umeme unaingia kwenye waya na kuunguza matundu ya pande zote mbili. Kati ya majengo mimi huvuta faiba na kuweka kila upande kigeuzi cha kuunganisha faiba na waya wa mtandao, kwa kuwa kioo cha faiba hakipitishi umeme. Inabaki njia ya soketi ya umeme, ambako radi bado inaweza kupitia, kwa hiyo ruta mimi huichomoa mngurumo wa radi ukianza kusogea.