Shaba inataka kusuguliwa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii sijalala vizuri, acha niseme tu ukweli.

Jumanne jioni mwanangu wa darasa la sita alikuja na kazi ya sayansi, wamulike kioo kwa tochi waone mwanga unarudije. Tukazima taa sebuleni. Kweli bwana, ukiilaza tochi na mwanga unarudi umelala vilevile, pembe ileile. Akamulika ukuta wetu, lipu yake mbaya bado haijapakwa rangi, mwanga ukatawanyika huku na huku. Halafu akaniambia, mama, mwalimu kasema Kiingereza kina neno moja tu, reflection, la huku kuakisi na la ile tafakari unayotumaga asubuhi.

Nikanyamaza, maana asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimewatumia Yakobo 1, yule mtu anajiangalia kwenye kioo anaenda zake anasahau alivyo, na hata dakika kumi hazijaisha nikamjibu wifi yangu maneno makali kwenye simu, watoto wanasikia, kisa hela ya dawa za mama mkwe. Ukuta ulikuwa mimi. Tochi ni ileile, Neno lilinifikia, ila wifi hakuona chochote cha Kristo kikirudi kutoka kwangu.

Habari ya mwezi kuazima mwanga wa jua mmeshaisikia sana, siirudii. Kinachonichoma ni Kutoka 38:8. Vioo vya wakati ule vilikuwa shaba iliyosuguliwa, na shaba ukiiacha inafifia, lazima urudi usugue tena. Wale akina mama wa mlangoni pa hema wakatoa vioo vyao, likatengenezwa birika, makuhani wananawa hapo kabla ya kuhudumu. Yaani kile cha kujitazamia uso kikawa cha kunawia! Jamani, sisi tunatuma mistari kama vocha, mtu anaandika Amina hata hajamaliza kusoma. Dada yangu, kaka yangu, kaa hapo mbele ya Neno mpaka likuonyeshe doa, na ukiliona usiinuke hujanawa. Usikimbilie kumtumia mwenzio ule mstari kabla haujakusugua wewe kwanza, nakusihi kwa upendo, na mimi mwenyewe nimo humohumo.

Jana saa tatu usiku nilimpigia wifi nimwombe msamaha. Hakupokea. Leo jioni napiga tena, mniombee.