Siku niliyoona virusi vimenasa

Basi tulikuwa tumejifungia chumba cha hadubini ya elektroni, mimi na dada mmoja aliyenitangulia masomo, taa zimezimwa, macho yote kwenye skrini. Sampuli mbili, zote seli za HeLa (seli za binadamu zinazokuzwa maabara) tulizoziingizia jenomu ya HIV, yani maelekezo yake yote ya kijeni, tofauti moja tu, ya pili tulishaitoa jeni ya vpu, ile inayotengeneza proteini ya kirusi iitwayo Vpu. Mi nilishasoma nini kitatokea, ila kusoma ni kusoma bwana.

Ya kwanza kawaida tu, virusi viwili vitatu pembeni ya seli, vingine vimeshaenda zao. Akaweka ya pili. Jamani! Ukingo wote wa seli umejaa viduara, vimening'inia kwa mafungu kama nyuki kwenye tawi, na si kwamba vichanga, vimeshakomaa kabisa, ndani unakiona kile kiini chenye umbo la pia, vingine vimerudishwa hadi ndani ya seli vimekaa kwenye vifuko.

Nikamuuliza, "Dada, hivi si vimeshatoka, mbona haviondoki?"

Akacheka. "Viondoke vipi na vimefungwa kamba?"

Kamba yenyewe ni tetherini, proteini ya seli, iligundulika kazi yake 2008. Kirusi kinapochipuka kinajivika utando wa seli, sasa tetherini upande mmoja inabaki kwenye seli, upande mwingine unaondoka na kirusi, basi kimenasa hapo. Na seli ikipata taarifa ya interferoni, ile kengele ya mwili ya kutahadharisha kuna kirusi, inaitengeneza kwa wingi. Vpu ndo inakuja kuitoa juu ya seli ipelekwe ikasagwe, njia inakuwa nyeupe.

Hapo maswali yakaanza kunitoka, maskini dada wa watu alitaka kupiga picha amalize. Akanieleza Vif, proteini nyingine ya HIV, ambayo kwangu mimi ndo noma kuliko zote, maana inaziagiza mashine za seli zenyewe za kubomoa proteini zikaibomoe APOBEC3G, askari wa seli anayeharibu jenomu ya kirusi inaponakiliwa, yani seli inamuua mlinzi wake! Nef nayo, ya HIV pia, inaficha CD4 na MHC-I, proteini za juu ya seli, ili seli za kinga zisijue ndani kuna mgeni.

"Na dawa za kuzizuia hizi?" nikauliza.

"Maabara watu wanahangaika, ila iliyoidhinishwa hakuna. ARV zinapiga kwingine, hasa vimeng'enya vya kirusi na mlango wa kuingilia. Haya, sogeza kulia, kuna fungu lingine pale."

Tukaendelea kupiga picha mpaka wenye zamu wakagonga mlango.