Siku niliyoilaza kanvasi sakafuni

Kanvasi ile ilikuwa na upana wa sentimita 200 na kimo cha 150. Niliiwamba mwenyewe kwenye fremu, nikaipaka mikono miwili ya jeso, rangi nyeupe ya msingi inayokinga kitambaa, halafu ikakaa ukutani wiki tatu nikiiogopa. Kila mstari niliouchora ulikuwa mfupi kama kiganja. Brashi yangu ilikuwa nyembamba na nilikuwa nachora kwa kifundo cha mkono. Bega halikuwa na kazi.

Asubuhi moja nikaishusha, nikailaza sakafuni. Nilikuwa nikimfikiria Jackson Pollock, mchoraji wa Marekani, ambaye kuanzia 1947 alimwaga rangi juu ya kanvasi iliyotandazwa chini na kuizunguka pande zote nne. Jambo moja lilinipita: yake haikuwa kwenye fremu. Yangu ilikuwa, na kanvasi pana iliyowambwa hubonyea katikati ikipata uzito.

Nikalainisha rangi ya mafuta kwa mafuta ya kitani sehemu moja na tapentaini sehemu mbili, mpaka ikatiririka kwenye kijiti bila kukatika. Muda wa saa mbili za kumwaga rangi ulinifundisha mengi. Kijiti kikiwa sentimita 30 juu ya kanvasi, uzi wa rangi hushuka mwembamba, umetulia. Mkono ukipunguza mwendo, uzi hujikunja vipete vipete. Ukiinua kijiti karibu mita moja, unakatika matone. Kumbe hisia ile inayoonekana kwenye picha imo katika kimo na mwendo wa mkono, wala si hasira za kurusha makopo. Sijawahi kuvutiwa na hadithi za msanii aliyepandwa na mori. Mchoraji Kandinsky alichora majaribio zaidi ya 30 kabla ya picha yake Composition VII ya 1913, ndipo akaimaliza kwa takriban siku nne.

Mimi majaribio sikufanya. Nikamwaga rangi ya chungwa juu ya buluu mbichi, na kwa kuwa rangi hizo mbili huuana, nikapata tope la kahawia. Badala ya kusubiri, nikaongeza nyeupe kulificha. Yote yakateremkia katikati, yakafanya dimbwi la unene wa milimita 5 hivi.

Baada ya siku chache juu pakashika utando wenye mikunjo kama ngozi ya kiwiko. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupoteza maji. Hukauka kwa kuvuta oksijeni, nayo huanzia juu. Utando ukishafunga, chini hukaa bichi kwa miezi. Nilidhani imekauka. Nilipoisimamisha siku ya saba, utando ulipasuka na dimbwi likashuka mpaka ukingo wa chini.

Nikaikwangua kwa kisu cha rangi, nikafuta kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Bila jeso mafuta yangeingia kwenye nyuzi na kuziozesha polepole. Hapo mikono miwili ile ya jeso iliniokoa. Lilibaki doa la kahawia-buluu, jepesi, limekwenda mshazari kufuata mkono wangu ulivyokwangua.

Nikaing'oa kwenye fremu, nikaitandaza juu ya ubao. Safari hii nilimwaga rangi nyembamba, moja moja, nikingoja kila moja ishike kabla ya inayofuata, na mafuta nikiyaongeza kidogo kila tabaka, kwa sababu tabaka lenye mafuta machache juu ya lenye mafuta mengi hupasuka. Lile doa sikuligusa.