Nilivyohama kutoka kupiga kinanda tu mpaka kuwaandikia wapulizaji

Mimi ni mpiga kinanda wa jazi, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa hiyo tu, unapewa karatasi ya kodi (yaani chords, noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si kodi ya serikali) unapiga unalipwa unaenda zako. Kuarenji, yaani kupanga wimbo na kuandika kila chombo kipige nini, nilianza kwa sababu bendi ilipata wapulizaji watatu, tarumbeta, saksafoni ya alto na saksafoni ya tena, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuwaandikia, basi nikaambiwa wewe si ndo unajua kodi, andika.

Kujua kodi peke yake hakutoshi jamani. Kwenye kinanda una vidole kumi, wapulizaji watatu ni noti tatu basi, na lazima wavute pumzi! Kwa hiyo nikaanza na ile njia ya kubakiza noti ya tatu na ya saba ya kila kodi. Chukua kodi tatu zinazofuatana, Dm7, G7 halafu Cmaj7. Noti zako ni F na C, kisha F na B, kisha E na B, yaani kila hatua noti moja tu ndo inashuka kidogo na nyingine inakaa palepale. Hizo mbili nawapa alto na tena, tarumbeta inabaki juu na melodi. Inasikika imejaa kuliko unavyodhani, mzizi wa kodi, ile noti inayoipa jina, si upo kwa mtu wa besi.

Kilichonichosha ni kuhamisha kii, maana noti anayoisoma mpulizaji siyo inayosikika kwenye kinanda. Tarumbeta na tena ni vyombo vya B-flati, ukitaka isikike C unaandika D, na kwa tena hiyo D unaipandisha oktavi moja zaidi, yaani hadi D inayofuata juu. Alto ni E-flati, C yako anaisoma A. Programu ya kompyuta inakuhamishia yenyewe, ila mimi nilikomaa kwanza kwa mkono maana kwenye mazoezi mtu anakuuliza "hii noti yangu ni ipi?" na hamna muda wa kufungua kompyuta.

Halafu kila mstari nauimba kabla sijaupeleka. Wa tena nauimba peke yake, wa alto peke yake, nikishindwa kuuimba naubadilisha. Hapa ndo kazi ilipo hasa, kwa sababu vidole vya mpiga kinanda vinaruka popote bila shida, mpulizaji akiruka hivyo unamsikia anahangaika. Mawazo nayapata kwa kurekodi nikipiga ovyo kwenye simu, baadaye nasikiliza na kuandika vipande vizuri. Joe Zawinul, mpiga kinanda wa bendi ya Weather Report, naye alikuwa akijirekodi akipiga bila mpango kisha anaandika kilichotoka, kwa hiyo sioni aibu.

Na mwenyewe kwenye kinanda nimepunguza sana. Wapulizaji wakiingia mkono wa kushoto nautoa kabisa, wa kulia naweka kodi moja moja kwenye nafasi wanazoacha. Msikilize Count Basie, mpiga piano wa jazi aliyeongoza bendi kubwa, noti chache tu na bendi nzima inatembea.

Siku hizi nikipewa kazi sianzi kuandika mpaka nijue nani anapuliza, tarumbeta yake inafika wapi juu bila kukaza shingo, na kama alto anashika filimbi pia. Malipo ya kuarenji nayataja mbali na ya kupiga, tunakubaliana kabla sijaandika hata noti moja, maana watu wanadhani karatasi zinajiandika zenyewe usiku.